Nani Atalipia Kipimo cha Tisa?

Siku za soko pale Ahero kuna jamaa hupita na baiskeli iliyofungwa kipaza sauti. Sauti imerekodiwa, inajirudia: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Dadangu akimsikia hucheka, kisha ananiambia, "Omera, hebu muulize kama ana yangu."

Si utani mtupu. Dawa anayomeza kila jioni inaitwa warfarini, na ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Chanzo chake ni ng'ombe. Katika miaka ya 1920, kaskazini mwa Marekani na upande wa Kanada, ng'ombe waliolishwa majani makavu yaliyooza walikuwa wakivuja damu hadi kufa. Ukimkata pembe tu, basi, umempoteza. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alifika kwenye maabara ya mwanakemia Karl Paul Link akiwa na ng'ombe aliyekufa na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda. Link na wenzake walichukua miaka kadhaa kuipata kemikali iliyokuwa ndani ya majani yale. Kutokana nayo wakatengeneza sumu ya panya, na mwaka 1954 dawa hiyohiyo ikaruhusiwa kwa binadamu. Rais Eisenhower aliipewa baada ya moyo wake kumshika mwaka 1955.

Panya akiila, damu huvuja ndani kwa ndani hadi anakufa. Dadangu akiila, anaishi. Kitu ni kilekile. Tofauti ni kiasi, na kama kuna mtu anayekiangalia hicho kiasi. Makala hii inahusu huyo mtu wa kuangalia. Ni nani?

Dada aliumwa koo akiwa darasa la nne au la tano. Mama hakumbuki vizuri, manake nani hukumbuka koo la mtoto? Koo likapona lenyewe. Baadaye viungo vikavimba, vikapona. Miaka ikapita, akawa hawezi kupanda ngazi bila kusimama. Ndiyo safari ya ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki. Bakteria wa kooni huusukuma mwili ujishambulie wenyewe, na vali za moyo huharibika polepole. Penisilini ya bei ndogo, ikitolewa mapema, ingeuzuia. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Ilikuwa koo tu.

Vali moja ikabidi itolewe na kuwekwa ya chuma. Hapo ndipo tulipofungua grupu la WhatsApp. Mjomba akawa msimamizi. Tulikuwa watu 187: ukoo, kanisa, wasichana aliosoma nao, watu wa Awasi na Katito ambao sijawahi kuwaona mpaka leo. Kila jioni orodha inawekwa, jina na kiasi. Mtu anatuma mia mbili, anapigiwa makofi ya emoji kumi na tano. Mwingine anatuma elfu kumi, mjomba anaandika aya nzima ya baraka. Sehemu ambayo bima haikugusa ilizidi nusu milioni, na tukaifikisha. Nilikuwa nimetoka tu chuo kikuu mwaka wa tatu kwa kukosa karo. Nikitazama zile pesa zikipanda, nilisikia fahari, na pia wivu kidogo ambao sijawahi kumwambia mtu.

Operesheni ilikwenda vizuri. Akaruhusiwa. Usiku wa kwanza nyumbani nililala chumba cha pili, na kukiwa kimya kabisa niliisikia ile vali kupitia ukuta wa mabati: tik, tik, tik. Vali ya chuma ina sauti. Mama alilia kwa furaha. Mjomba akaandika kwenye grupu, "Kazi imekamilika, Mungu awabariki." Watu wakaanza kutoka, fulani ametoka, fulani ametoka. Waliobaki walikuwa hamsini na kitu. Miezi michache baadaye grupu likabadilishwa jina na picha, likawa la mazishi ya mzee mmoja wa ukoo. Sidhani mjomba alifikiri mara mbili. Namba za watu zilikuwepo tayari.

Lakini kazi haikuwa imekamilika. Ilikuwa inaanza.

Chuma kikikaa ndani ya damu, damu hutaka kuganda juu yake. Donge likimeguka na kupanda kichwani, ni kiharusi. Likikwama kwenye vali yenyewe, moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo anameza warfarini maisha yake yote. Ikizidi, anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda. Katikati kuna kinjia chembamba, nacho hupimwa kwa namba inayoitwa INR. Mtu asiye na dawa hii huwa na 1 hivi. Dadangu, kwa vali aliyowekwa, anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Nje ya hapo kuna kifo upande huu na kifo upande ule.

Namba hiyo haikai mahali pamoja. Vitamini K huivuta chini, na vitamini K imejaa kwenye mboga za kijani, yaani osuga, kunde, sukuma, vitu ambavyo kwetu si nyongeza bali ndicho chakula chenyewe. Hakatazwi kula. Anatakiwa ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, ili dawa ipimwe kulingana na sahani yake. Baadhi ya antibiotiki huipandisha namba. Flagyl, ambayo kila mtu hapa huimeza tumbo likiuma, huifanya warfarini ikae mwilini kwa muda mrefu zaidi. Septrin vilevile. Brufen na diklofenaki, zile za maumivu ya mgongo, hulijeruhi tumbo kwa mtu ambaye damu yake haizibi kidonda haraka. Yote haya yaliandikwa kwenye karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa, pande zote mbili, kwa Kiingereza. Aliambiwa apime damu mara kwa mara mwanzoni, kisha kila mwezi.

Maabara tuliyoelekezwa ilikuwa Kisumu. Kipimo shilingi elfu moja, na nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na chai, mia tatu. Pesa zilizobaki kwenye mchango zilitosha vipimo vinane.

Cha tisa ndicho kilichonitoa usingizi.

Niliandika kwenye grupu, ambalo sasa lilikuwa na picha ya marehemu. Niliandika kwa heshima kwamba dada anaendelea vizuri, ila kuna kipimo cha kila mwezi, na kama kuna mwenye kitu kidogo tutashukuru. Watu wawili waliweka emoji ya mikono ya maombi. Mmoja akauliza, "Si alipona?" Sikumlaumu. Lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu fupi.

Sasa sehemu yangu. Wakati huo nilikuwa naishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Si kazi ya kujivunia, lakini vijana wengi wanaosoma hapa wanaijua. Wiki ileile nilipewa insha ya mwanafunzi wa uuguzi kule Marekani, na mada yake ilikuwa jinsi ya kumwelimisha mgonjwa wa moyo kabla hajatoka hospitalini ili asije akavuja damu akiwa nyumbani. Nacheka nikikumbuka, lakini si kicheko kizuri. Niliiandika kwa siku mbili. Niliandika kuhusu mboga, kuhusu dawa za maumivu, kuhusu umuhimu wa kufuatilia. Ndipo nilipoielewa ile karatasi ya dada vizuri kwa mara ya kwanza. Nililipwa elfu mbili na mia tano. Chaja ya laptopu ilikuwa imekufa, na bila chaja hakuna kazi. Nikanunua chaja na bando. Nikajiambia kipimo kitasubiri wiki mbili. Dada akasema, "Sawa, mimi niko fiti."

Kisha Nyando ikafurika. Mtu wa Ahero hahitaji kuelezwa. Maji yanashuka kutoka milimani, mto unavunja kingo, na Kano yote inageuka ziwa lisilo na samaki. Tulihamia darasa la shule na familia nyingine sita. Karatasi ya hospitali ilibaki nyumbani, ikaloa. Shamba dogo la mboga likaisha, kwa hiyo kwa wiki mbili dada alikula wali na maharagwe ya msaada bila jani hata moja. Maji machafu, tumbo likamshika, kama la kila mtu mle darasani. Kijana wa kemisti akamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Akasema hapana, kwa sababu hakuna iliyowahi kumdhuru. Akapewa Flagyl.

Mboga zilikosekana, namba ikapanda. Flagyl ikaingia, ikapanda tena. Kipimo ambacho kingeionyesha kilikuwa chaja, iko ukutani inawasha taa ya kijani.

Ilianza kwenye fizi. Baadaye choo kikawa cheusi kama lami, na hilo hakutuambia mpaka mwisho. Choo cheusi hivyo ni damu iliyovuja tumboni. Siku ya nne akaanguka akielekea msalani. Tulipomfikisha hospitalini INR yake ilikuwa juu ya 8. Wakampa vitamini K na painti mbili za damu. Daktari, msichana ambaye nadhani ananipita kwa miaka miwili tu, aliniuliza bila ukali, "Mbona hamkuja kupima?" Nikatazama sakafu.

Nilichoandika kwenye grupu usiku ule kilikuwa na maneno manne: "Dada anavuja damu. Saidieni." Ndani ya saa mbili zikaingia elfu thelathini na nne. Watu walioondoka wakaomba kurudishwa. Mjomba akaanza tena orodha yake.

Alipona. Siandiki makala ya msiba. Ila tangu siku hiyo nina swali nisiloweza kuliweka chini: iweje watu haohao, wenye moyo uleule na simu zilezile, walishindwa kutoa elfu moja ya kuzuia, wakatoa elfu thelathini na nne ya kuokoa? Na mimi nilikuwa mmoja wao. Ningekuwa na chaja tano usiku ule, ningeziuza zote.

Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alichapisha makala ambayo wanafunzi wa falsafa bado wanaizozania. Anasema hivi: unapita kando ya dimbwi, unaona mtoto anazama. Ukiingia utachafua nguo tu. Je, una wajibu wa kuingia? Kila mtu anasema ndiyo. Basi, anasema, umbali haubadilishi kitu. Mtu anayekufa kwa njaa nchi ya mbali ana dai lilelile juu yako.

Nilisoma makala hiyo mwaka wa pili na nikaipenda. Leo naiona ina upungufu ambao mtu wa kando ya Nyando angeuona mara moja. Inaisha mtoto akishatoka majini. Hakuna anayeuliza kuhusu kesho yake, na mto bado uko palepale, na nyumba ya mtoto iko palepale ukingoni. Tumefundishwa kwamba wema ni kuruka majini. Hatujafundishwa jina la wema wa kurudi kila mwezi kuangalia kama kingo zimeshika.

Nadhani najua kwa nini. Uokoaji una uso, una tarehe, una lengo la pesa, na una mwisho. Jina lako linasomwa. Kipimo cha mwezi hakina chochote. Ukikilipia, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Dada anaamka, anakwenda soko, anarudi. Hutajua kamwe kama mwezi ule ulilipa bure au ulizuia mazishi. Hakuna emoji ya damu ambayo haikuvuja.

Lakini kutoonekana hakupunguzi wajibu. Hapa kwetu nadhani kunauongeza. Kabla ya operesheni, dadangu hakuhitaji INR ya kila mwezi. Alikuwa na ugonjwa wake, na ungemuua kwa njia yake. Sisi 187 tulikubaliana kumnunulia vali. Ile vali haiji peke yake. Inakuja na warfarini, na warfarini inakuja na kipimo. Tulipolipia chuma tulimtia kwenye kile kinjia chembamba, kisha tukatoka kwenye grupu. Kwa hiyo kipimo cha tisa si ombi jipya la msaada. Ni salio la mchango wa kwanza, ambalo hatukulihesabu.

Najua pingamizi, na nyingine ni zangu mwenyewe.

Ya kwanza: kwani mgonjwa hana jukumu? Analo. Lakini tazama maagizo yenyewe. Kula kiasi kilekile cha mboga, usibadilishe, ukiugua mwambie kila anayekuhudumia, pima kila mwezi. Ni maagizo yanayodhani maisha yametulia. Yanamfaa mtu ambaye mvua haiamui atakula nini. Kumwambia dadangu "hukufuata maagizo" ni kumlaumu kwa mafuriko.

Ya pili: hii ni kazi ya serikali. Kweli kabisa, na kodi tunalipa. Mwezi Oktoba 2024 tulitolewa NHIF tukaingizwa SHA, na kila mtu ana hadithi yake. Ila nashuku serikali ina ugonjwa wetu uleule. Mashine mpya ya upasuaji inazinduliwa na mgeni rasmi. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya vitendanishi vya maabara. Tukiendelea kushangilia utepe, ndio tutakaopewa.

Na inawezekana kufanya tofauti. Kule Eldoret, Hospitali ya Rufaa ya Moi imekuwa na kliniki ya watu wanaotumia dawa hizi, inayoendeshwa na wafamasia wanaofuatilia namba na kurekebisha dozi. Mwaka 2022 kulichapishwa utafiti mkubwa uitwao INVICTUS, wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24. Walikuwa na ugonjwa wa moyo kama wa dadangu pamoja na mapigo yasiyo na mpangilio. Wengi walitarajia dawa mpya isiyohitaji kipimo cha kila mwezi ingekuwa sawa na ya zamani au kuishinda. Kumbe waliotumia dawa za zamani za jamii ya warfarini walikufa wachache zaidi. Sababu bado inajadiliwa. Wapo waliouliza kama kule kuonana tu na mhudumu kila mwezi hakukuwa sehemu ya tiba. Sitasema ndiyo. Nasema tu kwamba swali lenyewe linanigusa.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi, na ilitoka kwa dada mwenyewe. Baada ya kutoka hospitalini nilikuwa namhesabia vijiko vya osuga. Nilimuuliza rangi ya choo, mbele ya mama. Jioni moja akaweka sahani chini. "Mnanichunga kama ng'ombe. Mliponichangia mlininunua?"

Nilikaa na hilo siku nyingi. Kwa sababu nikisema mchango unazaa wajibu wa kudumu, ni rahisi mchangaji kuanza kujiona mwenye mali. Nimeona watu waliosomeshwa na ukoo wakiamriwa waoe nani. Sitaki hivyo. Nilichofikia ni hiki: wajibu wetu ni kuhakikisha namba inaweza kujulikana. Namba yenyewe ni yake. Tunadaiwa nauli na kipimo. Hatudaiwi, wala hatupewi, macho kwenye sahani yake.

Kwa hiyo sasa daftari analishika yeye. Ameandika tarehe, namba, dozi, na ukurasa wa mwisho majina ya dawa za kukataa, kwa Kiswahili na Kijaluo, kwa herufi kubwa, ili hata kijana wa kemisti asome. Limo ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho, tayari kwa mvua. Tukiona fizi zinatoka damu hatuisimamishi dawa wenyewe, maana upande ule mwingine kuna donge la damu. Tunakwenda kupima.

Pesa, tuko tisa. Sikutumia lile grupu. Niliwapigia simu mmoja mmoja: mia na hamsini, kila tarehe moja. Mwezi uliopita wawili hawakutuma, nikajazia. Mwezi huu mmoja wao akatuma mia tatu bila kusema kitu.

Baadaye nilipiga hesabu ambayo ilipaswa kupigwa siku ya kwanza, wakati mjomba anaandika lengo. Elfu moja na mia tatu kwa miezi 12 ni 15,600 kwa mwaka. Gawa kwa watu 187. Ni shilingi 83 na senti kidogo, kwa mtu mmoja, kwa mwaka mzima.

Huenda nawe uko kwenye grupu la aina hiyo, lililobadilishwa jina mara tatu. Tafuta chini kabisa jina la mtu mliyemchangia akaruhusiwa. Mpigie. Usimuulize kama alipona. Muulize kitu anachohitaji kila mwezi ni kipi, na ni bei gani.

Dada anapima Jumanne. Mvua imeanza kujikusanya upande wa Nandi, kwa hiyo tumekubaliana tutoke na matatu ya kwanza.